Kipindi cha Muziki Shule ya Msingi: Kufundisha Watoto Bila Darasa Kukuponyoka

Siku yangu ya kwanza kufundisha muziki niligawa ala kwanza, maelezo nikayaweka kiporo. Ngoma sita, marimba mbili, kapu zima la manyanga, na watoto thelathini na wanane wenye umri wa miaka saba. Nilipofungua kinywa kusema "sasa sikilizeni," sikujisikia hata mimi mwenyewe. Nikapaza sauti, nao wakazidi kupiga, maana mtoto aliyeshika ngoma akisikia kelele hudhani wimbo umenoga. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja akasimama mlangoni, hakusema neno, akarudi zake. Ala nilizikusanya kwa kuzipokonya moja moja, na kengele ikalia hatujaimba hata noti moja.

Wengi walinishauri niwe mkali zaidi. Nilijaribu wiki mbili, haikusaidia. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto kupiga kabla ya kuwafundisha kunyamaza. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo. Nimemwandikia mwalimu wa shule ya msingi, awe amesomea muziki au amekabidhiwa kipindi kwa sababu tu watu wanajua anaimba kwaya.

Hatua ya 1: Tayarisha chumba

Kipindi cha muziki kinahitaji sakafu kuliko madawati. Yasukume ukutani ukiweza, kisha pima: kila mtoto anyooshe mikono yote miwili bila kumgusa mwenzake. Chora duara kwa chaki, na kwenye duara hilo weka alama ya kila mtoto, msalaba mdogo tu. Alama hiyo itakuokolea muda mwingi mwaka mzima, kwa sababu "rudi kwenye alama yako" ni agizo analolielewa hata mtoto wa miaka mitano, wakati "kaa vizuri" kila mmoja ana tafsiri yake.

Ala ziwe nyuma yako, zimefunikwa kitambaa. Ala inayoonekana humwita mtoto, na huwezi kushindana nayo.

Kama huna chumba chako na unazunguka darasa hadi darasa na kapu, pakia vitu kwa mpangilio wa somo: kitakachotumika mwisho kiwe chini kabisa. Inaonekana jambo dogo mpaka siku unapopekua kapu huku macho themanini yanakutazama. Nusu dakika ya kupekua inatosha kuanzisha ugomvi safu ya nyuma.

Hatua ya 2: Anzia mlangoni

Usiwangoje ndani. Simama mlangoni, na kabla hujasema chochote piga makofi mdundo mfupi wa mapigo manne. Wakurudishie. Piga mwingine. Wakurudishie. Ukishawapata wote, anza kutembea kwa pigo hilo hilo, wakufuate hadi kwenye duara, kila mmoja asimame kwenye alama yake. Makofi yanapungua, yanakuwa vidole viwili kwenye kiganja, kisha kidole kimoja, kisha hakuna. Wanakaa. Umeanza somo na hujatamka hata neno moja.

Mahudhurio nayo yaimbwe. Tumia sauti mbili tu, so na mi (ya tano na ya tatu katika do-re-mi-fa-so-la-ti; hapa chini nimeziandika s na m), zile ambazo watoto huziimba wenyewe wanapotaniana na kuitana uwanjani. Mwalimu anaimba:

s m s m
Ju-ma, u-po?

Naye anajibu kwa tuni hiyo hiyo: "Ni-po ha-pa." Darasa la watoto arobaini huchukua kama dakika nne. Si dakika za kupoteza, kwa sababu ndizo pekee ambapo utamsikia kila mtoto akiimba peke yake bila yeye kujua kwamba anapimwa. Weka daftari mapajani na tia alama ndogo: amepata, amekaribia, bado.

Hatua ya 3: Ishara moja ya kunyamaza, na uiheshimu wewe mwenyewe

Chagua sauti moja ambayo haitumiki kwa jambo lingine lolote. Pembetatu ya chuma ni nzuri kwa kuwa mlio wake hudumu na kufifia polepole. Unaweza pia kuvumisha noti moja, yaani kuiimba mdomo umefungwa, huku mkono uko juu, wao wakajiunga kuivumisha mpaka uifunge kwa ngumi. Mimi natumia pembetatu kwa wadogo na kuvumisha kwa wakubwa, kwa kuwa wakubwa hupenda kitu kisichowafanya waonekane watoto.

Ishara haitangazwi tu, hufanyiwa mazoezi. Wiki ya kwanza waambie wazungumze kwa makusudi, kelele kabisa. Gonga pembetatu. Hesabu kwa vidole, kimya, ni sekunde ngapi mpaka chumba kitulie. Andika ubaoni: 11. Rudieni. 7. Rudieni. 4. Watakuomba warudie tena, maana kwao ni mchezo. Kisha waulize, "Mlio wa pembetatu umeisha lini hasa?" Hapo utawaona wamefumba macho wakiufuatilia mpaka mwisho kabisa. Hilo tayari ni somo la usikivu.

Kanuni inayofuata ni ya mwalimu. Ukishatoa ishara, usizungumze hadi ukimya ukamilike. Tunapoharibu wengi wetu ni hapo: watoto thelathini na tano wamenyamaza, watatu wananong'ona, nasi tunaanza kuongea juu ya minong'ono yao. Siku hiyo umewafundisha kwamba ishara maana yake ni "punguzeni kidogo." Kesho watanong'ona kumi.

Hatua ya 4: Pigo kwanza, mdundo baadaye

Tofautisha mambo haya mawili kichwani mwako kabla hujaingia darasani. Pigo ni lile linalokwenda sawasawa kama moyo au saa. Mdundo ni mpangilio wa silabi za wimbo, zinazokwenda mbio mahali na kuvuta mahali. Mtoto anayepiga makofi kwa kila silabi anapiga mdundo. Ukimwambia amekosea kumbe wewe ndiye uliyesema "pigeni makofi" bila kusema yapi, umemwonea.

Pigo hujengwa mwilini. Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950), mwalimu wa muziki aliyefundisha Geneva, aliona wanafunzi wake wanaweza kuandika muziki vizuri lakini hawawezi kuucheza kwa uhai, akaanza kuwatembeza. Fanya hivyo hivyo: watembee, wapige mapaja, wabembeze bega. Mtoto wa miaka sita hatembei kwa kasi ya mtu mzima, miguu yake ni mifupi. Pigo la takriban 120 kwa dakika humkaa vizuri. Ukianza polepole ukidhani unamrahisishia, utaona darasa zima linakukimbia, kisha utawalaumu kwa kosa lisilo lao.

Pigo likishatulia, cheza mchezo huu ambao ningeuchukua ningeambiwa nichague mmoja tu. Imbeni wimbo mnaoujua huku mkono wako umefunguliwa. Ukifunga mkono, wanaendelea kuimba kichwani bila sauti, miguu ikigonga pigo taratibu. Ukifungua, sauti inarudi. Je, wote wameibukia neno moja? Mara ya kwanza utapata vurugu na vicheko. Wiki ya tatu wataibuka pamoja kama mtu mmoja, na watashangaa wenyewe. Wakubwa hata miguu wainyamazishe.

Hatua ya 5: Kufundisha wimbo mpya

Chagua wimbo mfupi, wenye mistari inayojirudia. Wengi wetu hukimbilia kufundisha mstari kwa mstari mara moja. Mstari mmoja mmoja, kwa mtoto ambaye hajausikia wimbo mzima, ni kama kupewa vipande vya chungu kabla hajaona chungu.

Uimbe wote mwenyewe mara tatu, na kila mara mpe mtoto kazi ya kusikiliza. Mara ya kwanza: "Hesabuni neno fulani limetajwa mara ngapi." Mara ya pili: "Gonganisheni vidole kwa pigo." Mara ya tatu: "Inueni mkono sauti inapopanda juu kabisa." Mara ya nne utakuta nusu yao wanaimba midomo ikitikisika, hujawaambia kitu. Hapo ndipo uende mstari kwa mstari: wewe, kisha wao, bila kukatiza pigo katikati.

Wanapoimba, wewe nyamaza. Mwalimu anayeimba pamoja na darasa husikia sauti yake tu, na darasa hujifunza kumsubiri. Wakikosea, usiseme "hapana." Imba tena kile kipande kilichopinda, polepole kidogo, kisha wakurudishie. Rekebisha jambo moja kwa wakati, hata kama umesikia makosa manne. Yale mengine matatu yatakuwepo wiki ijayo, hayaendi popote.

Wape noti ya kuanzia kwa kuimba agizo lenyewe kwenye noti hiyo: "mo-ja, mbi-li, tu-im-be." Wanapata sauti, kasi na mahali pa kuingilia kwa pamoja.

Kama unatunga wimbo wako wa Kiswahili, angalia mkazo. Neno letu huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: ku-PI-ka, MWA-na, ma-SO-mo. Silabi hiyo inataka pigo zito. Ukiiacha silabi ya mwisho iangukie pigo zito, watoto wataimba "kupiKA," na hakuna kiasi cha mazoezi kitakachowatoa hapo.

Hatua ya 6: Sauti ya mtoto, na yule "asiyejua kuimba"

Wadogo wa miaka sita au saba huimba kwa raha kuanzia D iliyo noti moja juu ya C ya katikati ya kinanda hadi A iliyo juu yake, noti tano tu. Kadiri wanavyokua eneo hilo hupanuka juu na chini. Walimu wengi huanzisha wimbo chini mno, pale panapowafaa wao wenyewe. Mtoto akiimba chini ya eneo lake, sauti yake inakuwa ile ya kuzungumza, kisha anaikaza, kisha anapiga kelele. Panda kidogo, uone sauti ikiwa nyepesi yenyewe.

Walimu wanaume tuna tatizo la ziada. Sauti yetu iko oktavu nzima (kutoka do hadi do inayofuata) chini ya mtoto, na baadhi yao hujaribu kuishusha yao wafanane nasi. Imba kwa sauti nyembamba, au tumia kinanda, au mwite mtoto mmoja anayeshika tuni aongoze. Hiyo ya mwisho ndiyo bora. Watoto hufuata sauti ya mtoto.

Sasa yule wa nyuma anayeimba sauti moja nzito kama nyuki, wimbo upande, wimbo ushuke. Nilimpata mmoja wa miaka saba ambaye tayari alikuwa ameambiwa, sijui na nani, kwamba asiimbe, afungue mdomo tu. Siku moja kwenye mahudhurio alijibu "nipo hapa" yote kwenye noti moja. Nikamwambia, "Iendeleze hiyo hiyo, usiache." Nikaitafuta kwenye kinanda: A iliyo chini ya C ya katikati. Nikaiimba pamoja naye. Sauti mbili zilipokutana akanikodolea macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikia sauti yake ikikaa ndani ya ya mtu mwingine. Nikamuuliza, "Umesikia?" Akatikisa kichwa, ndiyo. Tukapanda noti moja. Akaja. Tukapanda nyingine, akapotea, tukarudi chini tukakutana tena.

Hivyo ndivyo inavyofanyika: mfuate alipo, usimngoje ulipo. Ongeza michezo ya sauti isiyo na noti maalumu, kama king'ora kinachopanda na kushuka, bundi, upepo, mpira unaotupwa juu, macho na sauti vikiufuata. Wengi hawajawahi kugundua kwamba wana sauti ya juu. Wanadhani ile ya kuzungumza ndiyo yote. Yule mtoto wangu alichukua miezi miwili. Wengine huchukua mwaka. Usimwambie yeyote afungue mdomo tu.

Hatua ya 7: Kusoma muziki

Sauti itangulie, alama ifuate. Mtoto aimbe, apige, acheze mdundo fulani wiki mbili au tatu ndipo aone unavyoandikwa. Kinyume chake ni kumfundisha mtu kusoma lugha asiyoizungumza.

Kwa mdundo, tumia silabi: ta kwa noti inayochukua pigo moja, ti-ti kwa noti mbili zinazogawana pigo moja. Maneno ya silabi moja kwa Kiswahili ni machache, hivyo ta hutusumbua kidogo tunapotaka mfano wa neno. Mimi hutumia mazungumzo haya ya mapigo manne:

U-na- ta-ka? La! (kimya)
ti-ti ti-ti ta —

Nusu ya darasa inauliza, nusu inajibu. Lile pigo la nne lina uzito sawa na mengine, ila halina sauti. Wape kitendo cha kulifanyia, wafungue viganja hewani, la sivyo wataliruka na kuanza upya mapema. Kisha chora mioyo minne ubaoni, mmoja kwa kila pigo, uweke vijiti juu yake: viwili vilivyounganishwa, viwili vilivyounganishwa, kimoja, moyo mtupu. Watoto huuliza ule moyo mtupu umekufa? Waambie haujafa, unadunda bila kusema.

Kwa tuni, anza na zile so na mi za mahudhurio, ongeza la, kisha do na re, ndipo fa na ti. Mpangilio huu unatokana na wafuasi wa Zoltán Kodály (1882–1967), mtunzi wa Hungaria aliyeshikilia kwamba sauti ya mtoto ndiyo ala yake ya kwanza. Majina yenyewe ni ya zamani zaidi: mtawa Guido wa Arezzo, karne ya 11, aliyatoa mengi yake kwenye silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini ambao karibu kila mstari ulianza noti moja juu ya uliotangulia. Uingereza, karne ya 19, Sarah Glover aliyafanyia mfumo wa kufundishia, naye John Curwen akauendeleza na kuuongezea ishara za mkono. Kwa hiyo mwanakwaya anayesoma d r m f s l t kwenye karatasi anasoma kazi ya watu hao.

Ishara za mkono usizidharau. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kimelala, kimetazama chini. So ni kiganja kinakutazama wewe, dole gumba juu. La ni mkono unaoning'inia kutoka kwenye kifundo. Zipande mwilini kadiri sauti inavyopanda. Faida kubwa kwa nidhamu: mikono ina kazi, macho yako kwako, na unaweza kuwaimbisha darasa zima dakika tano bila kufungua mdomo.

Hatua ya 8: Ala, bila kurudia kosa langu

Hapa ndipo vipindi vingi hufia, basi nenda taratibu.

Mdundo wowote utakaopigwa kwenye ala uanze mwilini. Wapige mapaja ambavyo watapiga ngoma, wasugue viganja ambavyo watatikisa manyanga. Ukiona mwili umeshika, ndipo ala itoke. Fundisha vitu vitatu kabla ya kugawa hata moja: mkao wa kupumzika (ala iko sakafuni, mikono mapajani), mkao wa kujiandaa, na kupiga. Mazoezi yake ni kubadilisha mkao kwa ishara bila kupiga chochote. "Pumzika. Jiandae. Pumzika." Watacheka, wataudhika kidogo, watashika.

Anza na ala mbili tu kwa darasa zima. Wanaozipiga wako katikati ya duara, wengine wanapiga hewani au mapajani mdundo ule ule, kisha wanazunguka nafasi moja kila wimbo unapoisha. Asiyekuwa na ala ana kazi ile ile, na anajua zamu yake inakuja kwa mzunguko na si kwa upendeleo. Sijawahi kupata njia nyingine iliyomaliza ule wimbo wa "mwalimu, mimi sijapata."

Ala hutoka na kurudi kwa safu: manyanga kwanza, tari, mwisho ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo ngumu kuacha. Anayepiga kabla ya ishara, ala yake inapumzika sakafuni kwa mzunguko mmoja. Usimfokee, usimpe hotuba. Ielekeze kwa kidole, endelea na somo, mrudishie mzunguko unaofuata. Ukisahau kumrudishia umeivunja imani, na mtoto hasahau.

Kama una marimba zenye vibao vinavyotoka, ng'oa fa na ti. Zinabaki do, re, mi, so, la, na kwa noti hizo tano hata anayepiga ovyo hagongani vibaya na mwenzake. Mbinu hii ilienezwa na wafuasi wa Carl Orff (1895–1982), mtunzi wa Ujerumani, na ni zawadi kwa mwalimu mwenye wanaoanza. Mmoja apige do na so kwa kupokezana, pole kwa pole, hiyo iwe nguzo. Mwingine atunge anachotaka juu yake. Kama vibao havitoki, vile vya fa na ti vibandike karatasi.

Filimbi ya rekoda isianze kabla ya miaka minane au tisa, kwa sababu vidole vidogo haviwezi kuziba matundu. Mkono wa kushoto juu, daima. Noti ya kwanza B: dole gumba nyuma na kidole cha shahada mbele. Ongeza cha kati, ni A. Ongeza cha pete, ni G. Kwa noti hizo tatu mtapata nyimbo za muhula mzima. Filimbi ikilia kama panya aliyekanyagwa, kuna mambo mawili tu: tundu halijazibwa sawasawa, au mtoto anapuliza kwa nguvu. Mwambie apulize kama anayetaka mshumaa uyumbe usizimike, na kila noti aianze kwa ulimi, "du." Filimbi za plastiki zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, na kila moja iwe na mwenyewe. Hazipokezanwi mdomo kwa mdomo.

Kingine ni masikio yenu. Kiwango cha juu cha kelele kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hupungua kwa nusu. Ngoma nyingi kwenye chumba chenye kuta tupu hupita hapo upesi. Watoto wako hukaa humo kipindi kimoja, wewe hukaa vyote. Kikundi kimoja kipige, vingine viimbe au vicheze, na mazoezi ya ngoma kubwa yafanyike nje.

Hatua ya 9: Dakika arobaini zako

Mlango na mahudhurio, dakika sita. Kupasha sauti na mchezo wa pigo, tano. Wimbo mnaoujua, ambao leo unafichua jambo jipya, tano. Jambo jipya lenyewe, dakika nane na zisizidi, hata kama unaona wanaelewa. Ala au mchezo wa kuzunguka, kumi. Kusikiliza kitu kizuri wakiwa wamelala au wamefumba macho, dakika tatu. Zilizobaki ni za kutoka.

Mabadiliko kati ya sehemu hizi ndiyo mahali pa kuangaliwa. Vurugu huingilia kwenye nyufa, pale mwalimu anaposema "haya, sasa…" huku anatafuta chaki. Shona nyufa kwa muziki: wakati unabadilisha kitu, darasa linavumisha do, au mtoto mmoja anaongoza makofi ya kuitikia. Na punguza kueleza. Ukijirekodi kipindi kimoja kwa simu, utaaibika jinsi unavyoongea. Mimi niliaibika.

Hatua ya 10: Wanaposumbua hata hivyo

Wapo watakaosumbua. Kwanza jiulize kama ni mtoto au ni somo: wakichezacheza zaidi ya watano, umekaa kwenye jambo moja mno. Badilisha. Wakiwa mmoja au wawili, sogea usimame karibu nao huku unaendelea kuimba, mara nyingi inatosha. Mpe yule mwenye nguvu nyingi kazi ya mwili, ashike pigo kwenye ngoma kubwa, maana mtoto huyo mara nyingi ana pigo imara kuliko wote. Mazungumzo ya nidhamu yafanyike baada ya kipindi, mkiwa wawili, sauti ya chini.

Kuna pia mtoto anayeziba masikio, anayelia ngoma zikianza. Huyo hasumbui, anaumia. Mpe nafasi karibu na mlango, mjulishe mapema kelele inakuja, mwache apige ala laini. Na usitumie wimbo kuwa adhabu, wala usimnyime mtoto muziki kwa kosa la hesabu. Walimu wenzako watakuomba ufanye hivyo. Wakatalie kwa upole.

Hatua ya 11: Kupima na kuonyesha

Mtihani wa kuandika majina ya noti haukuambii kama mtoto anaimba. Daftari la mahudhurio linakuambia. Chukua watoto watano kila kipindi, uwatazame kwa jambo moja: pigo wiki hii, tuni wiki ijayo. Muhula ukiisha una alama za wote na hakuna aliyetetemeka.

Onyesho liwe dogo. Nyimbo tatu wanazozimudu zinapendeza kuliko saba za kulazimisha, na mojawapo iwe wimbo wa kufukuzana, kundi la pili likiingia mstari mmoja nyuma ya la kwanza, kwa sababu hutoa sauti kubwa kwa kazi ndogo. Fanyeni mazoezi ya kuingia na kutoka jukwaani kama mnavyofanya ya kuimba. Wazazi wengi huona kwanza jinsi watoto walivyosimama.

Hatua ya 12: Sauti yako

Ukifundisha vipindi sita kwa siku kwa kuimba na kupaza, kufikia katikati ya muhula sauti yako itakuwa imekwaruza. Kunywa maji kila kipindi, acha kukohoa ili kusafisha koo, meza mate badala yake. Ukiwa umepoteza sauti kabisa, nenda darasani hivyo hivyo. Nilifanya hivyo wiki moja nikiwa na mafua, nikaongoza kwa ishara za mkono, pembetatu na macho tu. Walikuwa wametulia kuliko siku zote, na mtoto mmoja aliniuliza wakati wa kutoka, kwa kunong'ona, kama kesho pia nitakuwa bubu.